Siku moja ya mwalimu wa darasa la awali, Tabata, Dar es Salaam

Saa 12:40 asubuhi

Naanza na rafu. Darasa letu linafuata mbinu ya Montessori: kila kazi ya mikono ina trei yake, na mtoto hujichagulia. Kila trei inakaguliwa kabla geti halijafunguliwa: jagi mbili ndogo za kumiminia zinazolingana, sifongo, maharage yaliyohesabiwa. Yakiwa 60 asubuhi lazima yawe 60 mchana, maana punje iliyopotea huenda iko puani au sikioni kwa mtoto. Jagi hujazwa nusu tu. Likijaa hadi shingoni, mtoto wa miaka mitatu atamwaga, atajiona ameshindwa, na trei hiyo ataikwepa siku nyingi. Tunaanza na punje kavu, maji baadaye. Jagi jepesi la plastiki hupinduka ovyo. Lenye uzito kidogo humfanya mtoto atumie mikono miwili.

Masika huleta kero nyingine: silinda za mbao, vipande vya mviringo ambavyo kila kimoja kina tundu lake la kukitosha, hukwama kwenye matundu yake. Mtoto akishindwa kuichomoa humwita mwalimu, na zana iliyokusudiwa kumwonyesha kosa lake yenyewe inakuwa haina kazi. Mara nyingi fundi alipaka vanishi juu na ubavuni, akaacha kitako kitupu kinachofyonza unyevu. Usianike juani, mbao itapasuka. Ipigwe msasa laini, ipakwe vanishi pande zote.

Saa 1:30

Mapokezi. Mzazi anaombwa aage waziwazi: "Naenda kazini, nitakuja ukishakula." Anayetoroka ili asikie kilio kidogo anamwachia mwalimu mtoto anayechungulia mlangoni asubuhi nzima.

Saa 2:00 hadi 5:00

Hapa ndipo siku ilipo. Saa tatu mfululizo bila kengele, bila wimbo wa pamoja katikati. Mtoto anachagua kazi, anatandika mkeka, anafanya, anarudisha mahali pake. Watoto wengi huhangaika kidogo baada ya saa ya kwanza: wanazurura, sauti zinapanda. Mwalimu mgeni hudhani darasa limemshinda na kuwakusanya wote. Akisubiri kama dakika 10, wengi hushika kazi ngumu kuliko ile ya kwanza.

Wakati huo mimi nina daftari. Naandika kitendo, siandiki hukumu. "Amemimina mara sita, mara ya nne amefuta meza mwenyewe" ni taarifa. "Mtundu" si taarifa, haimwambii mtu kesho aweke nini kwenye trei.

Utaratibu huu una wenyewe. Maria Montessori, daktari aliyehitimu Roma mwaka 1896, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, mtaa wa wafanyakazi maskini. Alimwona msichana wa miaka kama mitatu akitoa na kurudisha silinda zaidi ya mara 40 bila kujali kelele zilizomzunguka, akajenga mbinu yake juu ya kile alichokiona. Na aliyeshinda na watoto wale kila siku alikuwa mwanamke ambaye hakuwa na mafunzo ya ualimu. Huko Cambridge, Uingereza, mwanasaikolojia Susan Isaacs aliongoza shule ya Malting House kuanzia mwaka 1924 hadi 1927 akinukuu maneno na matendo ya watoto siku hadi siku. Kwa wote wawili, kuwatazama watoto ndiko kulikokuwa msingi. Kwa hiyo nakereka ninaposikia kazi hii ikiitwa kulea tu, kana kwamba kutazama si ujuzi.

Herufi za msasa, zilizokatwa kwa karatasi ya msasa ili mtoto azifuate kwa vidole, natoa kwa mtoto mmoja mmoja. Naanza na a, i, m, kwa sababu siku chache baadaye anasoma "mama" na "mimi". Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, basi tunatamka sauti, hatutaji jina la herufi. Ch, ny na ng' kila moja ina kadi yake. Hatua ni tatu: "Hii ni m." "Nionyeshe m." "Hii ni ipi?" Ya pili ndiyo ndefu, na ndiyo wengi huiruka. Mtoto akikosea hatua ya tatu, hatumwambii hapana. Tunafunga, tunarudia siku nyingine.

Uji haukatishi kazi. Kuna meza yenye viti viwili; mwenye njaa ananawa, anajimiminia, anaosha kikombe. Kwa watoto 30, unga kilo moja na robo na maji lita 10 vinatosha. Unga ukorogwe kwanza na maji baridi, la sivyo madonge hayaishi. Dada wawili, Margaret na Rachel McMillan, walipofungua shule ya watoto wadogo ya hewa ya nje huko Deptford, London, mwaka 1914, walihesabu kuoga na chakula kuwa sehemu ya elimu. Mama wa uji wetu ni mwalimu kwa maana hiyohiyo, na anahudhuria vikao.

Saa 6:30 mchana

Bibi mmoja anachukua mjukuu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu. Huyu leo kaandika nini? Daftari mbona jeupe?"

Swali la haki, KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ndiyo inayopimwa mbele ya safari. Simpi hotuba. Namwomba mjukuu afuate m kwa vidole viwili mbele ya bibi yake, kisha namwonyesha bibi trei ya kumimina: kifundo cha mkono kinachogeuza jagi ndicho kitakachoongoza penseli.

Saa 8:00

Kikao cha daftari, walimu wawili na mama wa uji. Kila mmoja anasoma alichoandika kuhusu mtoto mmoja, kisha tunaamua trei ipi ibadilishwe. Nusu saa hii iwe ndani ya muda wa kazi unaolipwa. Ikiachwa iwe ya kujitolea, hufa muhula wa kwanza.

Saa 9:30

Keko, kwa fundi seremala, kuagiza matofali ya mbao ya kujengea. Mwalimu Caroline Pratt wa New York alibuni seti inayotumika hadi leo: tofali la msingi takribani sentimita 14 kwa 7 kwa 3.5, kisha la urefu mara mbili na mara nne. Uwiano ukikosewa hata milimita mbili, mawili mafupi hayalingani na moja refu, na hesabu iliyofichwa humo inapotea. Pima tofali la kwanza kabla hajakata mengine.

Pesa ni za wazazi. Programu ya Madrasa, mpango wa shule za awali za jamii ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 chini ya Bi Swafiya Said na kufika Zanzibar mwaka 1990, iliwafundisha wanawake wa mitaa ileile kuwa walimu na kutengeneza zana kwa vitu vya jirani: vifuu, mbegu, vitambaa. Sisi nasi tumegawana. Wazazi wanaleta vifuniko na mabaki ya vitenge, na michango inalipa kile tu kisichoweza kukatwa kwa mkono nyumbani.