Siku Moja Maishani Mwangu: Mhudumu wa Baa ya Kiayalandi, Malindi

Nikitaja kwamba nafanya kazi baa, maswali hukoma hapo. Mtu ameshajua mimi ni nani na usiku nafanya nini. Kwa hiyo acha niieleze siku yenyewe, mfanyakazi wa baa aonekane akiwa kazini.

Saa mbili asubuhi niko sokoni. Huu ni msimu wa kusi. Waitaliano wengi wamerudi kwao, hoteli kadhaa zimefunga, na sisi tuliobaki kila mmoja anafanya kazi ya watu wawili. Nanunua vitunguu, karoti na viazi vya aina mbili. Shangi huiva haraka na kuvurugika, kwa hiyo hukaa chini ya sufuria na kuufanya mchuzi uwe mzito bila unga. Vile vigumu vya ganda jekundu huingia mwishoni, mteja avikute vizima.

Saa nne nakanda mkate. Ule wa Ayalandi hauna hamira. Unainuliwa na soda ya kuokea (baking soda) ikikutana na maziwa yaliyochachuka, nami natumia maziwa lala ya dukani. Haukandwi sana. Unaviringwa, unachanjwa msalaba juu kwa kisu ili joto lifike katikati, kisha unaingia ovenini. Saa tano mpishi anabandika nyama ya kondoo wa kichwa cheusi, wale wanaoletwa kutoka upande wa Garsen. Wana mafuta mengi, na kuyaengua ni kazi yangu mpaka mchana.

Alasiri ilikwenda kwa kufagia, kupanga chupa na kuwahudumia vijana waliokuja kutazama mpira.

Saa moja na nusu usiku akaingia mama mmoja wa makamo, begi mgongoni, peke yake. Akasimama mlangoni akitafuta pa kukaa. Mwenye kuielewa kazi hii anajua kwamba hapo ndipo inapoanza. Mgeni wa peke yake humuulizi kama yuko peke yake, maana analiona mwenyewe. Humketishi katikati akatazamwa, wala karibu na choo kana kwamba ni mzigo. Nilimpeleka kwenye meza ya pembeni, ukuta nyuma yake, mahali ambapo yeye anauona mlango nami namwona yeye.

"Karibu mama, pole na safari."

"Asante mwanangu. Nimetoka Nyeri jana. Nina njaa."

Akaagiza mchuzi wa kondoo na Guinness ya moto. Shingo mbili tatu kaunta ziligeuka. Mara stima ikapotea. Jiko letu ni la gesi, kwa hiyo chakula hakikuwa na shida, lakini feni zilisimama na joto likapanda. Nikawasha taa za betri, nikampelekea mkate na siagi.

Kaunta alikuwapo mzee mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, mtu wa kutoa noti ili zionekane. Akaniita.

"Yule mama anangoja nani?"

"Anangoja chakula chake, mzee."

"Mpelekee nyingine. Andika kwangu."

Kinywaji cha kutumiwa hakifunguliwi mpaka anayetumiwa aulizwe. Hiyo ndiyo sheria yangu. Nilikwenda, nikauliza kwa sauti ya chini, mama akakataa kwa adabu. Nikarudisha jibu. Mzee akasema sikumweleza vizuri, nirudi nimwambie imetoka kwa nani. Nikamjibu kwamba ameshakataa. Basi akaanza kuniita kila dakika: barafu, kiberiti, tishu, hesabu yake aisome tena gizani. Kila nikigeukia meza ya pembeni naitwa. Mchuzi ukawa tayari, nikaupeleka ukifuka moshi, mzee akainuka na glasi yake kunifuata.

Nilisimama kati yao, trei mkononi. "Mzee wangu, mama anakula."

"Wewe ni mhudumu tu. Nitampigia bosi wako."

"Mpigie. Nitasimama hapa hapa."

Miguu ilikuwa inawaka tangu sokoni, mgongo umelowa jasho, lakini sikusogea. Alinisema kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Mwisho mpishi alitokeza mlangoni mwa jikoni, mzee akarudi kitini, akamaliza glasi na kuondoka bila kulipia bia mbili. Kwetu deni la mteja aliyetoroka humwangukia mhudumu. Hizo mbili ni zangu, na nitazilipa.

Mama hakuinuka. Nilihofu angeomba hesabu aende, kama wanavyofanya wanawake wengi wakichoshwa na watu. Alikula taratibu, akaniuliza mbona mchuzi hauna nyanya wala bizari. Nikamweleza kwamba asili yake Ayalandi ni kondoo, viazi na vitunguu, chakula cha watu wa shamba, na utamu wake ni kukaa sana motoni. Akaelewa papo hapo. Kwao viazi havihitaji utambulisho. Akauliza pia juu ya picha iliyo ukutani, nikamwambia huyo ni Arthur Guinness, ambaye mwaka 1759 alikodi kiwanda mjini Dublin kwa miaka 9,000, kodi paundi 45 kwa mwaka. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Miaka elfu tisa! Huyo alikuwa na imani."

Stima ilirudi sijui saa ngapi. Sikuwa naitazama saa tena. Nilifuta meza, nikahesabu chupa, nikasugua sufuria iliyogandwa na Shangi.

Kabla ya kwenda mama aliniomba nimwitie tuktuk ya dereva ninayemjua, nami nikampa namba ya dereva huyo aitunze. Kesho anakwenda kuona magofu ya Gede, lakini anataka kula kwanza. Ameuliza kama ile meza ya pembeni inaweza kuwekwa. Nimeshaiandika daftarini, saa sita, mtu mmoja, na mkate utakuwa umetoka.