Hilux ya dizeli: kuosha rejeta peke yake si kuflashi

Hilux ya zamani yenye injini ya 2L, 3L au 5L ikianza kutoa maji mekundu kama udongo wa kichuguu, gereji nyingi zina dawa moja. Koki ya chini ya rejeta inafunguliwa, mpira wa kumwagilia unaingizwa juu, maji yanapita mpaka yawe meupe, koki inafungwa, gari linajazwa na kwenda zake. Wiki mbili baadaye maji ni mekundu tena, na mwenye gari anaambiwa anunue rejeta.

Injini ikiwa baridi, thamostati (vali inayozuia maji ya injini kwenda kwenye rejeta mpaka yapate moto) imefunga. Maji ya mpira yanashuka ndani ya rejeta na kutokea chini, bila kugusa bloku, kiwiliwili cha injini chenye silinda. Na bloku ndiyo ya chuma. Kutu inazaliwa humo. Uchafu mzito unatulia chini kuzunguka silinda, hasa ya nne, iliyo mbali na pampu ya maji, na hapo joto linakosa pa kutokea. Kwa hiyo kuflashi, yaani kusafisha njia zote za maji, ni kutoa kilichomo kwenye bloku. Rejeta ni sehemu rahisi.

Kabla ya kumwaga chochote, hakikisha ugonjwa ni uchafu kweli. Injini ikiwa baridi kabisa fungua mfuniko, washa, angalia shingo ya rejeta. Mapovu machache mwanzoni si neno. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda inayopenya kwenye gasketi ya hedi (kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloku) au kwenye ufa wa hedi yenyewe. Dalili ndugu yake: mpira wa juu unakuwa mgumu kama jiwe dakika moja tu baada ya kuwasha asubuhi, wakati maji bado baridi. Hapo kuflashi ni kupoteza siku. Vivyo hivyo ukikuta utando wa oili juu ya maji au kitu kinachofanana na chai ya maziwa: tafuta kwanza oili inaingilia wapi, ni gasketi au ni kipoza oili, ndipo usafishe.

Usiku wa kuamkia kazi, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye koki ya bloku. Iko ubavuni mwa bloku, ndogo, mara nyingi imefunikwa na tope na oili kiasi kwamba wengine hawajui kama ipo. Usiilazimishe ikiwa kavu, ikikatika utaitoa kwa kuchimba. Ikifunguka na isitoe hata tone, usifurahi kwamba bloku ni kavu. Imezibwa. Chukua spoku ya baiskeli, ingiza taratibu, zungusha na kuvuta mpaka tope likubali kutoka. Linatoka kama uji mzito wa kahawia, halafu maji yanafuata kwa nguvu. Usiweke uso hapo.

Maji yote yapokee kwenye beseni na uyapime kwa ndoo yenye alama za lita. Jumla ya mfumo kwa gari hizi ni kama lita 10 ukihesabu hita, lakini kitabu cha gari lako ndicho cha kuaminiwa. Ukipata 5 tu kutoka kwenye lita 10, ujue nusu imebaki ndani. Koki ya bloku ikikataa kabisa bado unaweza kufanya kazi, ila kwa hesabu: kila ukijaza maji safi, ukazungusha na kumwaga lita 5, unabakiza nusu ya uchafu ulioyeyuka. Mara ya tatu inabaki sehemu moja ya nane, mara ya tano asilimia 3 hivi. Tope lililotulia halimo kwenye hesabu hiyo, ndiyo maana koki inastahili kupiganiwa.

Kama maji ya zamani yalikuwa na kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, usiyaache wazi. Glaikoli iliyomo ina utamu, na mbwa, mbuzi au mtoto akiinywa inaua figo.

Sasa toa thamostati. Kwa injini hizi fuata mpira wa juu wa rejeta mpaka unapoingia kwenye injini. Iko chini ya kifuniko kinachoshika mpira huo. Iweke pembeni, rudisha kifuniko kwa gasketi ya zamani kwa muda, jaza maji matupu, sogeza kidhibiti cha hita kwenye moto kabisa, washa injini kwa dakika kumi na tano. Bila thamostati maji yanazunguka kote tangu mwanzo. Zima, subiri, mwaga. Neno subiri lichukuliwe kwa uzito. Kumimina maji baridi kwenye injini yenye moto ndiyo njia fupi ya kupasua hedi, na hedi za familia hii ya L hazina sifa ya uvumilivu. Ukiweza kulaza kiganja juu ya hedi bila kukitoa, endelea. Kwa sababu hiyo kazi hii inakula siku nzima, na fundi anayekuahidi saa moja hajapanga kusubiri.

Maji ya pili yakitoka bado mekundu, au ukiona utando mweupe wa chokaa kwenye shingo ya rejeta, tumia asidi ya sitriki, ile ya unga inayouzwa kwa waokaji. Robo kilo kwa lita 10 inatosha: iyeyushe kwanza kwenye ndoo ya maji ya moto, mimina, zungusha injini ikiwa na joto lake la kawaida la kazi kwa nusu saa, mwaga ikishapoa kiasi. Isilale ndani. Inakula kutu, lakini ikipewa muda itakula pia alumini na risasi iliyounga rejeta ya shaba. Kisha suuza mara tatu. Kujua kama imekwisha, chota maji ya kusuuza kwenye kikombe, tia kijiko cha baking soda. Yakitoa povu, suuza tena. Sabuni ya unga ya kufulia iache kwa nguo. Povu lake linashika hewa ndani ya hedi, na injini inachemka wakati geji, ambayo kipimo chake kinatakiwa kuzama kwenye maji, inakudanganya.

Rejeta yenyewe isukume kinyume: chomoa mipira miwili, ingiza maji kwa chini yatokee juu, kwa nguvu ya kawaida ya bomba, si ya mashine ya kuoshea magari. Nje yake ina kazi pia. Mbegu za majani, wadudu na tope kati ya mapezi huzuia upepo sawasawa na kutu inavyozuia maji. Osha kutoka upande wa feni kwenda mbele. Baadaye, injini ikiwa na moto na imezimwa, pitisha kiganja mbele ya rejeta. Sehemu iliyo baridi katikati ya zenye moto ni mirija iliyoziba. Rejeta ya shaba inaweza kufunguliwa vichwa na fundi wa rejeta akapitisha chuma kwenye mirija. Ya alumini yenye vichwa vya plastiki, nunua nyingine.

Thamostati irudi. Najua hoja: nchi yetu ni ya joto, thamostati ya nini? Bila hiyo injini ya dizeli inaendeshwa baridi safari nzima, mafuta hayaungui vizuri, masizi yanaingia kwenye oili na silinda zinalika. Na kwenye injini ambazo thamostati ina sahani ya pili ya kufunga njia ya mkato, ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, kwa hiyo mlimani gari linachemka zaidi. Ipime kwa kuining'iniza kwenye sufuria ya maji isiguse chini. Namba iliyogongwa juu yake, mara nyingi 82, ni joto la kuanza kufunguka. Kufunguka kabisa ni kwenye 95 hivi, na hapa watu wa Nairobi wasiitupe bure: kwa mwinuko wa karibu mita 1,800 maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 94, hayatafika huko. Wakati wa kufunga, kitundu chenye kipini kinachocheza kielekee juu ili hewa ipite. Gasketi mpya.

Mwinuko huohuo ndio unaofanya mfuniko wa rejeta uwe kipuri cha maana kuliko bei yake. Mfuniko wa 0.9, yaani unaoshika shinikizo la bar 0.9, unapandisha kuchemka kwa maji matupu mpaka karibu nyuzi 118 usawa wa bahari. Mpira wake ukiwa umekatika, Hilux inayopanda mlima wa Kitonga, Iringa, ikiwa na mzigo inachemka mapema ingawa kila kitu kingine ni kizima. Ubadilishe tu.

Maji ya kujazia: ya kisima cha pwani hapana, chumvi yake inatoboa alumini. Ya mvua yaliyokingwa baada ya mvua ya kwanza kuosha bati ni mazuri. Ya dukani ya kuongezea betri ni mazuri pia, mradi chupa haijaandikwa asidi. Kulanti hatuinunui kwa ajili ya barafu, tunanunua kinga ya kutu. Nusu kwa nusu ndiyo kipimo cha kawaida, na usishuke chini ya theluthi moja. Rangi haithibitishi chochote, maji yenye rangi ya kijani yanauzwa kila mahali. Mizani inathibitisha: jaza chupa maji lita moja, pima, kisha jaza kulanti chupa ileile hadi alama ileile. Mchanganyiko wa nusu wa ethilini glaikoli unazidi maji kwa gramu 70 hivi, na ile isiyochanganywa kwa zaidi ya gramu 100. Ikilingana na maji na lebo haielezi kuna nini ndani, umeuziwa rangi.

Kosa la mwisho ni la hesabu. Ukisuuza kwa maji matupu na bloku haikukauka, yale yaliyobaki yanapunguza kulanti yako. Kwa mfumo wa lita 10 mimina kwanza lita 5 za kulanti isiyochanganywa, ndipo umalizie kwa maji.

Egesha pua ikiwa imeinuka, jaza polepole huku ukiminya mpira wa juu, washa ukiwa umeacha mfuniko, hita kwenye moto. Maji yatashuka ghafla thamostati ikifunguka na mpira wa juu ukipata moto. Ongeza, funga, jaza chupa ya akiba hadi alama. Asubuhi tatu zinazofuata kagua kabla ya kuwasha. Kutu iliyokuwa imeziba vitundu imeondoka, kwa hiyo uvujaji mpya unaweza kujitokeza: kwenye tundu la chini la pampu ya maji, maana yake sili imekufa, au kwenye vile vifuniko vya bati vya mviringo vilivyogongwa ubavuni mwa bloku. Dawa ya kuziba, yai au pilipili manga vinaweza kukufikisha nyumbani usiku, lakini vinaziba pia mirija ya hita na rejeta uliyotoka kuisafisha.