Siku moja maishani mwangu: Mchanga una ulalo wake

Saa 12 na nusu asubuhi nimeshapiga magoti kwenye matuta ya mchanga ya Mambrui, kabla kusi haijachachamaa. Nakata ukuta mdogo kwa mwiko. Mistari myeusi myembamba inajitokeza, tabaka juu ya tabaka. Hiyo ndiyo iliyonileta, mimi mpima nguvu ya mchanga: chembe ndefu zimejilaza vile upepo ulivyoziangusha, kama mchele uliomwagwa siniani. Napima mwinamo wa tabaka, najaza magunia mawili, narudi Malindi.

Saa 3, maabara. Stima ilikatika usiku. Kati ya sampuli sita zilizokuwa zikiganda kwenye friji, nne zimebomoka. Roho iliniuma, kuzitengeneza ni kazi ya siku nzima. Mchanga unanyeshewa, yaani unamiminwa kama mvua, kwa faneli kutoka kimo kile kile, unaloweshwa polepole, kisha maji yanachujwa kabla ya kugandisha ili sampuli igeuzwe bila kubomoka. Yakibaki tele yatapanuka yakiganda na kuzisukuma chembe kutoka mahali pake.

"Dada, kwani tusishindilie tu?" kijana wa mazoezi akaniuliza.

"Ukishindilia, mdogo wangu, unaleta mpango wako. Mimi nautaka wa upepo."

Nikamweleza kwamba tangu 1944 watafiti wa udongo Casagrande na Carrillo walitofautisha mambo haya mawili: ulalo ambao udongo umezaliwa nao, na ule unaoletwa na mzigo.

Saa 6. Tunazo mbili nzima: moja tabaka zimelala, nyingine tumeigeuza zikasimama. Kila moja inaingia kwenye kisanduku cha kukatia chenye nusu mbili, ya juu na ya chini, milimita 60 kwa 60, tunaiacha iyeyuke ikiwa imebebeshwa kilo 36, yaani mgandamizo wa kilopaskali 100 hivi. Nusu ya chini inasukumwa milimita moja kwa dakika.

Hapa sizungumzi na mtu. Sindano ya geji inayopima nguvu ya mchanga kukataa kukatika inapanda, inapanda, inasita, inaanza kurudi. Ile ya tabaka zilizolala, iliyokatwa kufuata tabaka, ilisita mapema. Ya pili ilishikilia zaidi. Mchanga ule ule, uzito ule ule.

Swala, wali kwa samaki wa nazi, kisha kunyeshea sampuli nne upya.

Saa 10 mhandisi wa ukuta wa ufukweni akapiga simu. "Dada, nipe namba moja tu ya nguvu ya mchanga."

"Ukuta wako, kaka, utasukumwa kwa ubavu. Namba moja haitoshi."

Nimeandika zote mbili, na kando ya kila moja nimechora tabaka, na mshale unaoonyesha tulikokata.