Mama ameandika wosia, na ni mzima wa afya

Alhamdulillah, mama yangu haumwi. Shangazi alipomwambia "unajichuria," alimjibu kuwa kifo hakingoji kuitwa.

Wosia ameuhifadhi RITA, wakala wa serikali unaotunza wosia. Mafungu ya mirathi kwa sisi Waislamu yanajulikana, hivyo yeye amegusia ile theluthi tu, sehemu ya mali ambayo mtu anaweza kumuusia asiye mrithi: kuna binti aliyemlea, si mrithi kisheria, naye amemwachia chumba kimoja cha kupangisha. Nimefurahi sana kwa hilo.

Lakini kilichonigusa zaidi ni daftari lake. Anaowadai na wanaomdai, hadi deni la vitenge. Hati ya kiwanja ilipo. Zamu yake kwenye kikoba. Siku za Ramadhani anazodaiwa. Nani wamwoshe. Na hitima, kasisitiza, isifanywe kwa mkopo!

Nimeshuhudia ndugu wa tumbo moja wakiburuzana mahakamani kugombea usimamizi wa mirathi, nyumba yenyewe ikibomoka. Ndiyo maana namshukuru mama leo, angali ananisikia.

Limebaki jambo moja, nani kati yetu ashike hilo daftari. Mimi nimempendekeza dada mkubwa.