Sambaza huliwa mzima

Kwa miaka mingi niliwatayarisha sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kwa namna niliyoidhani kuwa ya ustaarabu: nilikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yetu hapa Bukavu, nikamkata kila mmoja kichwa, nikauchomoa uti wa mgongo kwa ukucha, na mabaki yote nikamwachia paka. Siku moja mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka kisiwa cha Idjwi, alinitazama kimya mpaka sahani ikajaa vichwa, kisha akasema, "Mwanangu, huyu paka wako atakuwa na meno mazuri sana."

Maneno yake yalinikuta pabaya, kwa kuwa siku hizo fizi zangu zilikuwa zikitoka damu kila nilipopiga mswaki. Daktari wa meno alinieleza kwamba chanzo ni ukoga, yaani ule utando wa bakteria unaojishika kwenye shina la jino, ambao usipoondolewa huifanya fizi ivimbe, iwe nyekundu na itoke damu kwa kuguswa tu. Aliusafisha, akanionyesha namna ya kuusogeza mswaki taratibu kwenye mpaka wa jino na fizi, asubuhi na usiku. Nilipomuuliza habari za samaki alitabasamu, akanionya kwamba hakuna samaki anayeondoa ukoga. Kazi yake ni nyingine.

Kazi hiyo inaeleweka ukijua jino limejengwa kwa nini. Gamba gumu la nje ya jino, pamoja na mfupa unaolishikilia, hutegemea zaidi kalsiamu na fosforasi. Nyama ya samaki ina fosforasi nyingi, lakini kalsiamu imo hasa katika mifupa, ndiyo maana tilapia mkubwa, ambaye mifupa yake hubaki kando ya bugali, hawezi kutupa kalsiamu kama sambaza anayetafunwa mzima. Tena kalsiamu ikiliwa bila vitamini D, utumbo huifyonza kidogo tu, na vyakula vyenye vitamini hiyo kwa asili ni vichache. Samaki wenye mafuta ni miongoni mwake. Kwa watoto jambo hili lina uzito zaidi, maana meno yao ya ukubwani huanza kujengwa ndani ya taya miaka mingi kabla ya kuonekana.

Kwa upande wa fizi, yanayotajwa ni mafuta ya omega-3, ambayo mwili huyatumia katika kutuliza uvimbe. Tomson, yule samaki wa bahari anayeuzwa akiwa ameganda barafu, anayo kwa wingi. Mimi siyachukulii kuwa dawa, na damu yangu ilikoma kwa mswaki kabla sijabadilisha chochote jikoni. Hata hivyo naona faida nyingine ambayo watu huisahau: samaki hana sukari. Bakteria wa ukoga hula sukari na kutoa asidi inayomomonyoa jino, kwa hiyo mtoto anayeshiba sambaza na mboga ya lengalenga saa sita hawapi karamu kama yule anayeshinda na biskuti na chai tamu.

Inashangaza kwamba samaki huyu, ambaye leo hatuwezi kuifikiria Kivu bila yeye, aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wavuvi humvua usiku kwa mwanga wa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazimvuti vizuri. Siku hizo mama muuzaji wangu wa soko la Kadutu hukijaza kikombe kwa mkono mzito, bila ile nyongeza ya kawaida. Hapo hununua waliokaushwa juani, nikawaosha mchanga mara tatu, nikawapika kwa nyanya na kitunguu mpaka mifupa ikalainika. Mwanangu mdogo bado huanza kwa kung'ata vichwa, akivihesabu kwa sauti, na paka amehamia kwa jirani.