Mizani ya alizeti na programu ya Windows ndani ya Linux

Kompyuta ya ofisini kwenye mashine ya kukamua alizeti ya mjomba wangu, huko Kizota mjini Dodoma, haikukidhi vigezo vya Windows 11, na Microsoft ilikwisha kusitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo nikaiwekea Linux. Mjomba hakujali mfumo endeshi unaitwaje. Alichotaka ni programu yake ya mizani, iliyoandikwa kwa ajili ya Windows na fundi ambaye siku hizi hapatikani hata kwa simu, iendelee kusoma uzito wa magunia na kuchapa risiti.

Nikasakinisha Wine, programu inayowezesha programu za Windows kufanya kazi ndani ya Linux. Mradi huu ulianza mwaka 1993, ukafikia toleo la 1.0 mwaka 2008, na jina lake ni kifupisho kinachokana kwamba ni emuleta. Huo si ubishi wa maneno. Wine haijengi kompyuta ya bandia ndani ya kompyuta. Programu inapoiomba Windows ifungue faili au ichore dirisha, Wine hulipokea ombi hilo na kulitimiza kwa njia za Linux, huku amri nyingine za programu zikienda kwenye prosesa moja kwa moja. Ndiyo maana kompyuta ile ya RAM GB 4 haikulemewa.

Programu ilifunguka mara ya kwanza, ingawa herufi zilibanana kwa kukosa fonti ya Arial. Uzito, hata hivyo, ulibaki sifuri. Mlango wa kebo ya mizani Linux huuita ttyUSB0, ilhali programu inaujua kwa jina la Windows tu, COM1. Nilielekeza Wine kwamba majina hayo mawili ni kitu kimoja, bado sifuri, nikapoteza saa nzima nikiilaumu kebo ("Kwani na mizani imekufa?" akaniuliza mjomba, akiniwekea chai mezani), kumbe akaunti ya karani haikuwamo katika kundi la dialout, lenye ruhusa ya kutumia milango hiyo. Nilipoiongeza na kuingia upya, gunia la kwanza likasoma kilo 63.

Printa haikusumbua, kwa kuwa Wine huipitishia kazi mfumo wa uchapaji wa Linux wenyewe. Iliyogoma ni programu ya hesabu, inayolindwa kwa kifaa cha USB chenye draiva (programu ya kukiendesha) yake ya Windows, na draiva za namna hiyo kwa kawaida Wine haizibebi. Hiyo nimeiacha kwenye laptopu ya karani.