Nilivyozifanya programu za akili mnemba zitaje sehemu zenye leseni

Mgeni alinipigia simu akiwa amesimama na mabegi yake mbele ya geti lililofungwa kwa kufuli lenye kutu. Programu ya akili mnemba ilimpangia safari nzima, ikampeleka kwenye nyumba ya wageni ambayo sisi wa bodi ya utalii tulishaifutia leseni kitambo. Orodha yetu ilikuwa sahihi. Aibu niliyoipata siku ile siisahau.

Mshauri tuliyemlipa akasema tuandike makala za kusifia vivutio, nyingi iwezekanavyo. Tukaandika miezi mitatu. Hakuna kilichobadilika, na hadi leo ushauri ule unaniudhi. Msafiri anauliza: pamefunguliwa leo? Pana leseni? Nani amepakagua, lini? "Mandhari ya kuvutia" haijibu hata moja.

Nikaamua kuitazama tovuti yetu kwa jicho la mashine. Orodha ya leseni ilikuwa PDF ya kuskani, yaani picha ya karatasi yenye mhuri. Saa za kufungua zilitokea tu baada ya JavaScript, yaani msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari, kufanya kazi, na roboti nyingi za akili mnemba, yaani programu zinazopita kusoma tovuti, haziisubiri. Halafu robots.txt, utaratibu wa tangu 1994 wa kuziambia roboti zipite wapi, ilikuwa imezifungia zote mlango. Mistari miwili tu!

Tukaipa kila sehemu ukurasa wake wa maandishi ya kawaida, na taarifa zilezile tukazipanga kwa schema.org, msamiati wa pamoja wa kuzieleza mashine kilichomo kwenye ukurasa, ulioanzishwa 2011 na Google, Microsoft na Yahoo. Majina ya zamani nayo tuliyaweka, maana hoteli moja ilikuwa inajulikana kwa majina matatu.

Kilichonipa raha zaidi ni sehemu zilizofungwa. Mwanzoni tulikuwa tunafuta kurasa zake. Kosa kubwa. Ukifuta, maoni ya zamani ya wateja yanabaki kwingine yakiisifia, na wewe mwenye mamlaka umenyamaza. Nikaurudisha ukurasa wa ile nyumba yenye kufuli: jina lile, anwani ile, na juu kabisa "Imefungwa. Leseni imefutwa", na tarehe. Wiki kadhaa baadaye nikaiuliza programu ileile, kwa maneno tofauti mara tano, kwa sababu jibu moja halitoshi kukupa uhakika. Mara nne ikajibu kwamba bodi ya utalii inasema pamefungwa. Nilipiga makofi peke yangu ofisini.

Mwenye hoteli mmoja alitaka kulipia atajwe kwanza. Nilikataa, maana ukiuza nafasi moja, orodha nzima inakuwa tangazo.

Gharama kubwa ni muda wa simu. Kila Jumatatu nawapigia wenye biashara wachache, nauliza saa zao, naandika tarehe niliyothibitisha. Leseni ikiisha, ukurasa wenyewe unasema imeisha, hata mimi nikiwa likizo.